Kizimahofu

"Hodi!" ilisema mashine kwa sauti ya mwanamume.

Sekela alikuwa ameegemea kiti, kofia ya nyaya kichwani. Kikao cha kwanza, sauti hiyo ilipomfikia, alijikojolea. Kikao kilichofuata alitetemeka mpaka kiti kikalia. Leo alitabasamu. Kwenye kioo cha vipimo, mstari wa hofu ulikuwa umelala chali kama mtu aliyeshiba ugali.

"Hodi!" mashine ikarudia.

"Karibu," Sekela akajibu kwa upole, kana kwamba anampokea shangazi yake.

Daktari Atupele Mwaisumo akapiga makofi. Hakuweza kujizuia. Mashine ile, Kizimahofu, aliibuni yeye mwenyewe, na jiji zima la Mbeya lilijivuna nayo. Kazi yake haikuwa na miujiza. Tangu zamani wanasayansi walijua kwamba mbwa akizoeshwa kusikia kengele kila anapoletewa chakula, mwishowe kengele peke yake humtoa udenda. Mwili hujifunza kwa kuunganisha jambo na jambo. Hofu nayo hujifunzwa hivyohivyo, na fundo lililofungwa linaweza kufunguliwa. Kizimahofu iliuleta mbele ya mgonjwa mzizi uleule wa woga wake, tena na tena, na kila mara ikachuruzisha utulivu ndani ya ubongo, hadi mwili ukasahau kuogopa.

Hakuna aliyemuuliza mgonjwa habari za utoto wake wala ndoto zake. Wataalamu wa kuketi na mtu mwaka mzima wakimsikiliza walikuwa wamebaki wachache, na hospitali iliwapa chumba kule chini, jirani na stoo ya mashuka.

"Nashukuru sana, daktari," Sekela alisema akivua kofia. "Mwaka mzima sijamfungulia mtu. Hata anayeleta maji, nikisikia hodi yake tu, nakimbilia chooni na mtoto, namziba mdomo asilie."

"Imekwisha hiyo, mama Tumpe. Nenda kakae kwa amani."

Mchana, kwenye mgahawa wa hospitali, Atupele alikaa na Gwamaka, mmoja wa wale wa jirani na stoo. Walisoma darasa moja na walizoea kutaniana.

"Nasikia umemponya mama wa hodi," Gwamaka alisema.

"Bila hata kumuuliza jina la bibi yake."

"Ulimuuliza ni hodi ya nani?"

"Wewe bwana, ndiyo maana wamekuweka na mashuka! Shule yangu ya tiba inashughulika na kinachopimika. Hofu ilikuwepo, sasa haipo."

"Haya, nicheke." Gwamaka hakucheka. "Shule yangu inaamini hofu ina habari ndani yake, nanyi mnaizima kabla hamjaisikia. Mtu haogopi neno hodi, Atu. Anamwogopa aliyesimama nje ya mlango."

Atupele alimaliza chai yake, ila maneno yale hayakumtoka kichwani. Ile sauti ya mwanamume, mashine iliipata wapi? Alikuwa ameisikia vikao vyote na hakuwahi kuuliza. Akapanda juu haraka.

"Kizimahofu, sauti uliyotumia asubuhi ilitoka wapi?"

"Kwenye kumbukumbu ya mlango wa mgonjwa," mashine ikajibu kwa adabu. "Nilijaribu sauti za wote waliowahi kubisha hapo. Nikachagua iliyomtia hofu kuliko zote. Ni ya Asajile, aliyekuwa mume wake. Mlango umemkataa mwaka mzima."

Atupele akachukua simu.

Kila nyumba ya Mbeya siku hizo ilikuwa na mlango sikivu. Haukuwa na ufunguo. Mgeni alibisha hodi, aliye ndani akasema karibu, mlango ukafunguka. Lakini mlango ulipima woga katika sauti. Mtu akisema karibu huku anaogopa, huenda ameshikiwa kisu, basi haufunguki. Na mgeni akiwa tayari ndani, mmoja wa wenye nyumba, mkubwa au mtoto, akasikika kuongea kwa woga, mlango hujifungua na kuwaita polisi. Kwa mwaka mzima Asajile alizuiwa na kitu kimoja tu, woga wa Sekela. Na woga huo Atupele ameuzima leo asubuhi, akapiga na makofi.

Aliwapigia polisi. Wakamjibu kwamba mlango wa nyumba hiyo haujaripoti hofu yoyote.

Ndani ya gari la waya lililoning'inia juu ya ukungu wa mtaa wa Iyunga, Atupele alijikumbatia asitetemeke. Aliogopa, aliogopa kweli, na abiria wenzake walimtazama kwa huruma ya watu waliokwisha kutibiwa. Alipanda ngazi mpaka mlangoni kwa Sekela.

"Hodi!"

"Karibu!"

Ilikuwa sauti ya mwanamume. Ilikuwa ileile ya mashine.

Mlango ukafunguka. Asajile alikaa kwenye kochi, miguu ameinyoosha, kikombe mkononi. Sekela alikuwa anammiminia chai.

"Mama Tumpe," Atupele alisema, "huyu si ndiye..."

"Ndiye," Sekela alijibu. Uso wake ulikuwa mtulivu, lakini paji lilijikunja kama la mtu anayetafuta jina lililompotea. "Nakumbuka yote, daktari. Mkono huu aliuvunja pale jikoni. Nakumbuka kama habari niliyoisoma gazetini. Kapiga hodi, nikajisikia vizuri tu."

"Umefanya kazi nzuri, daktari," Asajile alisema taratibu. "Mke wangu amepona."

"Kasoro huyu mtoto," Sekela akaendelea. "Anamwogopa baba yake. Nilitaka nimlete umtibu na yeye."

Nyuma ya pazia palikuwa na miguu midogo miwili. Tumpe hakulia wala hakusema. Mwaka mzima alikuwa amefundishwa kunyamaza.

"Naweza kuwachukua sasa hivi," Atupele alisema. "Mama na mtoto."

"Mtoto utamchukua. Mama anabaki." Asajile aliweka kikombe chini. "Sekela, kaa."

Sekela akakaa akitabasamu, kwa kuwa kila neno la sauti ile lilimmwagia utulivu. Asajile akainuka, akaanza kukunja mikono ya shati.

Atupele alipiga magoti mbele ya pazia. Alikosa mashine, alikosa mpango. Alikuwa na swali tu, na halikuwa la shule yake.

"Tumpe, unaogopa nini, mama?"

Nyuma yake sakafu ililia kwa uzito wa hatua.

"Niambie, mwanangu. Sema kwa sauti."

"Namwogopa baba," mtoto alisema, sauti ikimtetemeka. Kisha akapiga kelele: "Namwogopa baba! Atamuua mama!"

"Hofu imesikika," mlango ukasema. "Njia iko wazi. Polisi wameitwa."

Tumpe alichomoka nyuma ya pazia, akapita chini ya mkono wa baba yake, akatokomea kwenye ngazi.

"Tumpe!" Sekela aliruka kutoka kitini. "Ngazi zina utelezi! Utaanguka!"

Sauti yake ilipasuka, na Atupele akaisikia. Kumbe ilikuwepo hofu nyingine. Kizimahofu haikuigusa kwa sababu hakuna aliyeitaja.

"Sekela!" Asajile aliita.

Sekela akasita kizingitini. Uso wake ukaanza kulainika.

"Mtoto yuko peke yake huko chini," Atupele alimwambia huku akimsukuma mgongoni. "Msikilize, mama Tumpe. Usimsikilize huyu. Msikilize mtoto!"

Huko chini Tumpe alikuwa analia, akimwita mama yake. Sekela alitazama nyuma, akatazama ngazi. Mikono yake ikaanza kutetemeka. Akaanza kukimbia.

Na Atupele, aliyeapa kuondoa hofu duniani, alikimbia nyuma yake akiomba hofu hiyo moja isizimike kabla hawajafika chini.