Saning'o na Programu Tatu za Bure

Nyumbani kwa Saning'o, Handeni mjini, siku ilianza kwa chai na kelele za mbuzi. Saning'o alikuwa mfanyabiashara wa mifugo. Mkewe, Nasieku, alifanya kazi ya picha. Sebuleni alikuwa na printa, skana na kompyuta ya mtumba. Mtu akileta picha iliyochakaa, Nasieku aliiingiza kwenye kompyuta, akaisafisha na kuichapa upya.

Kompyuta yenyewe ilikuwa imezeeka. Ukiiwasha, ungeweza kwenda kukamua ng'ombe na kurudi, bado inajifikiria.

Asubuhi moja jirani yao Mwanaidi alipiga hodi.

"Karibu, Mama Husna. Shikamoo," alisema Nasieku.

"Marahaba, Mama Nashilu. Nimekuja kwa ile picha ya marehemu."

Marehemu alikuwa Mdoe, mume wa Mwanaidi. Alifariki Husna akiwa bado anabebwa mgongoni. Aliacha picha moja tu. Nasieku alikuwa ameiingiza kwenye kompyuta, na ilikuwa bahati, maana baadaye mchwa waliingia sandukuni kwa Mwanaidi wakaila ile ya karatasi.

"Husna anaolewa Jumamosi," alisema Mwanaidi. "Anakwenda kwa mumewe, kule Ngombezi. Sura ya baba yake haijui, ile picha aliiona akiwa mdogo mno. Nataka aondoke nayo. Nichapie kubwa, uitie kwenye fremu."

Nasieku aliitafuta picha. Kompyuta ikaganda. Akaizima, akaiwasha, ikaganda tena.

"Imepotea?" aliuliza Mwanaidi. Mkono wake ulikuwa kifuani.

"Haijapotea, mama. Mashine tu imechoka."

Saning'o alikuwa anavaa viatu mlangoni. "Mashine niachieni mimi," alisema. "Leo napeleka mbuzi Segera. Pale hakuna kinachokosekana."

Kweli hakikukosekana. Pale njia panda, katikati ya machungwa na soda, kijana mmoja alikuwa anauza CD.

"Kompyuta yangu ni nzito," Saning'o alimwambia.

"Mzee, hiyo diski yake imevurugika, inataka kupangwa. Humu mna programu tatu za kupanga diski. Zote za bure!"

Saning'o alilipa akaondoka. Hakujiuliza kwa nini kitu cha bure kinauzwa.

Jioni aliziingiza zote tatu.

"Baba Nashilu, tatu za nini?" aliuliza Nasieku.

"Kupe wakiishinda dawa moja, unaongeza ya pili."

"Huyu si ng'ombe."

"Ugonjwa ni ugonjwa, mke wangu."

Programu ya kwanza ilianza kupanga diski. Ya pili nayo ikaanza, juu ya kazi ya mwenzake. Ya tatu ikatoa maandishi mekundu: diski ina makosa mengi mno, lipa kwa dola ndipo yarekebishwe. Kabla Saning'o hajasema neno, umeme ukakatika. Ilikuwa miaka ile ya mgawo.

Umeme uliporudi, kompyuta iliwaka kwa tabu. Walibofya picha ya Mdoe. Haikufunguka.

Saning'o aliogopa. Mbuzi wa mtu akifia mikononi mwako, unalipa mbuzi. Je, sura ya mtu utailipa kwa nini? Usiku huo Nasieku hakumsemesha. Alikuwa amekasirika kweli kweli.

Kulipokucha, Saning'o alikwenda mwenyewe kwa mwalimu Agripina, aliyekuwa akifundisha kompyuta pale mjini. Kuuliza si ujinga, ingawa wanaume wengi hukumbuka hilo wakiwa wameshaharibu.

Agripina alikuja, akaketi mbele ya kompyuta.

"Mzee Saning'o, nani aliyekuambia uweke programu tatu?"

"Akili yangu."

Nasieku alikohoa. Mwalimu akajizuia kucheka.

"Hii inayodai dola si ya bure," alieleza Agripina. "Inakutisha kwanza, halafu inakuuzia. Hii nyingine sijui ameitengeneza nani, na imekuja na virusi. Iliyobaki pengine ni nzuri, lakini programu za kupanga diski haziendi pamoja. Unachagua moja, inafanya kazi peke yake."

"Nichague ipi?"

"Anza na uliyonayo. Windows ina programu yake ya kupanga diski, imo humu tangu siku uliponunua mashine. Kwa kompyuta ya nyumbani inatosha. Ukitaka nyingine ya bure, ichukue kwenye mtandao, kwa wenyewe walioitengeneza. Uliza kwanza waliokwisha kuitumia. Wala usiichukue mezani njia panda."

Saning'o aliitikia kwa kichwa. "Na hiyo diski imevurugikaje?"

"Ukihifadhi picha, kompyuta huiweka kwenye diski, penye nafasi. Nafasi ikiwa ndogo, huikata vipande. Kimoja huku, kingine kule. Ukiitaka, inazunguka kuviokota. Kupanga diski ni kuvirudisha vipande pamoja."

"Pamoja?" Saning'o alisimama. "Hapana, mwalimu. Hapo sikubali. Mimi ng'ombe wangu sikai nao boma moja. Wengine wako kwa shemeji yangu, wengine kwa rafiki yangu Metito. Ugonjwa ukiingia kwangu, nakwenda kwao naanza upya. Baba yangu aliwaweka wote pamoja, ukaja mwaka mbaya, tukabaki na fimbo. Leo unaniambia nikusanye?"

Nasieku alidhani mwalimu atacheka. Hakucheka.

"Mzee, kule kwa Metito umepeleka ng'ombe wazima?"

"Wazima, ndiyo."

"Hukupeleka mguu kwa Metito na kichwa kwa shemeji?"

"Ebo! Huyo si ng'ombe tena, ni nyama."

"Basi picha zako sasa hivi ni nyama. Miguu huku, vichwa kule. Kupanga diski ni kumfanya kila ng'ombe awe mzima. Lakini hilo lako la kupeleka wengine kwa rafiki ndilo jambo la kwanza kabisa, na hamkulifanya. Kabla ya kupanga diski, unatoa nakala nzima za vitu vyako na kuziweka nje ya kompyuta. Diski ikifa katikati, nakala ipo."

Saning'o aliketi polepole. "Kumbe," alisema. "Kumbe nilikuwa najua."

"Ulijua nusu," alisema Nasieku, na kwa mara ya kwanza tangu jana alitabasamu.

Agripina aliziondoa programu zote tatu, akaviua virusi. Mashine ikapumua. Kisha akabofya picha ya Mdoe. Wote watatu waliinama mbele. Picha ilifunguka kidogo kidogo kutoka juu: kofia, paji la uso, macho. Nasieku alisema, "Asante Mungu," akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

Walinakili picha zote kwenye CD tupu, mara mbili. Nakala moja ikakaa kwa mwalimu, nyingine kwa Mwanaidi. Agripina akatazama nafasi iliyobaki kwenye diski.

"Haitoshi. Programu inahitaji mahali pa kugeuzia vitu. Hizi filamu za mieleka ni za nani?"

Saning'o alitazama dari.

"Zifute," alisema Nasieku.

Zikafutwa. Wakasubiri siku ambayo mtaa wao haukuwa na mgawo, ili umeme usikatike kazi ikiendelea. Asubuhi Saning'o mwenyewe aliianzisha ile programu ya Windows, akaketi pembeni. Hakuruhusu mtu kugusa kitu. Mchana ikamaliza.

Kompyuta haikugeuka mpya. Agripina alikuwa amewaambia mapema: kupanga diski hakuponyi kila ugonjwa. Lakini sasa iliwaka, na picha zilifunguka bila kuganda. Tangu hapo Nasieku alifuta asivyohitaji, akatoa nakala za kazi zake, na diski ikivurugika aliipanga kwa programu ileile moja.

Ijumaa alimpelekea Mwanaidi picha ya Mdoe ndani ya fremu. Saning'o alimfuata nyuma, akasimama mlangoni. Husna alikuwa mkekani, mikono imepakwa hina mbichi, hawezi kushika kitu. Mama yake akamshikia fremu mbele ya uso.

Husna aliisogelea, akaikagua kuanzia kofia hadi kidevu.

"Mama," alisema, "kumbe haya masikio yangu ni yake?"

"Ni yake, mwanangu."

Husna alicheka, machozi yakamtoka, na kwa vile mikono yake ilikuwa na hina, mama yake ndiye aliyemfuta.