Jaji wa Sakafuni

Kila jioni, kabla mama yake hajamaliza kukaanga maandazi ya jibini, Dalgis alikuwa ameshafika kwa jirani yao, Bi Nohemí. Watoto wa mtaa ule wa mji wa Magangué walibanana sakafuni kutazama shindano la vipaji kwenye televisheni. Wenzake waliwatazama waimbaji. Dalgis aliwatazama majaji. Alipenda walivyoegemea viti, wakanyamaza kidogo, kisha kwa neno moja wakamliza mtu.

Shindano likiisha, watoto walicheza la kwao. Jaji alikuwa Dalgis, na kengele yake mfuniko wa sufuria.

"Unaimba kama punda mwenye mafua!" alimwambia Dairon.

"Na wewe jaji una masikio yake!" Dairon akajibu, akicheka.

Ikafika zamu ya Yurani. Yurani alikuwa na kigugumizi. Hata kutaja jina lake kulimtoa jasho. Lakini akiimba, maneno yalitiririka. Kila Desemba, katika sala za jioni tisa kabla ya Krismasi, ndiye aliyeanzisha nyimbo na mtaa mzima ukaitikia.

Siku hiyo sauti yake ilipasuka alipoipandisha juu. Dalgis akagonga mfuniko.

"Basi, basi! Heri unyamaze. Kumbe hata kuimba unapata kigugumizi!"

Watoto wakaangua kicheko. Yurani akatoka bila kuaga.

Sala za Desemba ile zilipoanza, Yurani hakuimba. Shuleni, mwalimu akimwuliza, alitikisa kichwa tu. Mama yake Yurani akamsimamisha Dalgis njiani.

"Mwanangu, wewe ndiye rafiki yake. Mwenzako ana nini? Hata maji anaomba kwa kidole."

Dalgis akaaga haraka, akaenda zake. Jioni ile, jaji wa televisheni alipomkejeli msichana mmoja, watoto walicheka. Dalgis alimwona msichana yule akishuka jukwaani huku akijifuta machozi, akainuka akaenda nyumbani.

Kesho yake, watu walipokusanyika kwa Bi Nohemí kusali, wakati wa wimbo ulifika na hakuna aliyeuanzisha. Dalgis akasimama.

"Mimi ndiye niliyemwambia Yurani anyamaze. Nilimcheka mbele ya watu. Yurani, nisamehe mbele ya watu."

Kisha akaanzisha wimbo mwenyewe. Aliuanza kwa sauti ya juu mno. Kwenye ubeti wa pili sauti ikakatika, naye akabaki amesimama, macho yote kwake, asijue aweke wapi mikono.

Kule mwisho wa chumba mtu akaudaka wimbo, akaushusha chini. Alikuwa Yurani. Sauti yake ilipasuka palepale ilipopasuka siku ile, lakini hakuna aliyesikia vizuri, kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa unaimba.

Baadaye Yurani alimsogelea. "U-u-umeuanzia mawinguni, we!"

Dalgis akacheka huku machozi yakimtoka.

Bi Nohemí aliwapa maandazi, akamwambia Dalgis: "Wale wa kwenye televisheni wamejipeleka wenyewe kupimwa, na bado wanaumia. Mwenzako alikuja kuimba nasi tu. Aliyekaa huona kuimba ni rahisi, binti yangu. Kabla hujamhukumu mtu, simama kwanza pale aliposimama."