Pua ya Severin

"Safari hii tunakwenda wote," Tereza alisema huku akifunga zipu ya sanduku lake.

Severin alisimama mlangoni, mswaki bado mdomoni.

"Wote kina nani?"

"Mimi na wewe. Likizo nimeshaomba kazini. Alma atabaki kwa shangazi yake Gaudiosa."

"Mama Alma, mimi Italia nakwenda kikazi. Nashinda mashambani na kwenye maghala ya mvinyo. Utachoka bure."

"Kila Oktoba unakwenda peke yako, ukirudi huniangalii machoni. Mwaka huu nataka kuiona hiyo kazi."

Severin alirudi bafuni kusukutua.

Walikuwa wakiishi Rågsved, kusini mwa Stockholm. Severin alitoka Bukoba kuja kusomea mambo ya hoteli, akaishia kuwa mwonjaji mkuu wa kampuni inayoingiza mvinyo Sweden. Pua yake ilimpa jina. Watu walisema Severin akiinusa glasi anakwambia mzabibu umeota upande gani wa kilima. Tereza, binti wa Songea, alihudumia wazee katika nyumba ya wazee kule Hässelby. Walikuwa wamependana kwelikweli hawa, tena mbele za watu. Ila miaka mitatu hii Severin alikuwa amehama bila kuhama. Alilala ukingoni mwa kitanda. Akikumbatiwa, anakakamaa kama mgonjwa anayeogopa sindano. Tereza alishaamini yuko mwanamke, na yuko hukohuko Italia.

Tena alikuwa na jambo lake la kumwambia mumewe. Alilibeba hadi huko.

Walifikia kijiji kidogo juu ya kilima, katika Langhe, kaskazini mwa Italia. Asubuhi ukungu ulifunika mabonde yote, vijiji vikabaki vinaelea juu yake, kila kimoja na mnara wake wa kanisa. Ukungu ukiinuka, unaona mizabibu imejipanga mistari hadi macho yachoke, na wachumaji wameinama na mikasi yao. Walizunguka La Morra, wakashuka Barolo, wakapanda vijiji ambavyo Tereza hakuweza hata kuyatamka majina yake. Kila penye mwanamke, alimkagua kuanzia viatu. Hakuna aliyetikisika kumwona.

Mwenye nyumba yao alikuwa signora Ornella, mjane aliyekuwa akimuuzia Severin mvinyo kwa miaka mingi. Siku ya pili aliwateremsha kwenye ghala lake, akamimina glasi mbili.

Severin aliinua ya kwanza, akaizungusha, akaingiza pua.

"Waridi," alisema. "Na lami kidogo. Mzuri sana."

"Na huu wa pili?"

Akanusa tena. "Mzuri vilevile."

Ornella alimtazama, akaimwaga ile glasi ya pili chini. Tereza hakujua mvinyo, lakini uso wa mtu aliyeshtuka aliujua.

Kesho yake mchana alitoka kununua mkate. Aliporudi, harufu ilimpokea ngazini. Gesi. Aliangusha mkate, akapanda mbio, akausukuma mlango wa jikoni.

Madirisha yote yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya baridi. Kahawa ilikuwa imefurika jikoni, ikazima moto, gesi ikabaki inavuma. Severin alikuwa amesimama mbele ya jiko, kiberiti mkononi, njiti imeshatoka.

"Usiwashe!"

Alimrukia mkono. Kiberiti kikaruka kule, njiti zikatawanyika sakafuni. Tereza alifunga gesi, akafungua madirisha, akamshika mumewe shati na kumburuta hadi uani.

"Unataka kutuua? Gesi imejaa nyumba nzima, hunusi?"

Severin alitazama dirisha la jikoni.

"Nakuuliza, Baba Alma. Hunusi?"

"Sinusi."

"Una mafua?"

"Sinusi kitu, Tere. Tangu ile korona. Mvinyo, kahawa, mvua, hata wewe. Sikunusi hata wewe."

Tereza alihesabu kwa vidole.

"Miaka mitatu?"

"Miaka mitatu."

"Na kazi unafanyaje?"

"Nakumbuka. Nasoma wenzangu walichoandika, naangalia rangi, nauliza maswali ya ujanja. Jana Ornella kanigundua. Ule mvinyo wa pili ulikuwa umeharibika, kanitega."

"Hao ni watu wa kazi. Mimi je? Mimi mkeo kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ingekuwa kweli." Sauti yake ilianza kukatika. "Nilikuwa nikikukumbatia naona kama nimekumbatia picha yako. Niliogopa utalihisi hilo. Ndiyo maana nikawa nakaa mbali."

Tereza aliketi kwenye ngazi.

"Mimi nilidhani ni mimi ninayenuka."

"Tere..."

"Nyamaza. Natoka kwa wazee wangu nimeshaoga, nikifika nyumbani naoga tena. Nimebadilisha sabuni, mafuta, manukato, unanipita tu. Nilijisugua mpaka ngozi ikawaka moto, Severin. Nilijua nimekutia kinyaa."

Severin alipiga magoti mbele yake pale uani. "Nisamehe. Kwa Mungu, sikujua."

"Ulijua. Uliniona bafuni ukanyamaza."

Simu ya Tereza ikatoa mlio mfupi mfukoni. Akaitoa, akasoma, akafumba macho. Angeweza kuirudisha. Badala yake alisoma kwa sauti:

"'Umeshamwambia? Nakuombea.' Ni Clement."

"Clement wa kwaya?"

"Wa kwaya."

"Akuombee nini? Uniambie nini?"

"Kwamba naondoka. Ndicho kilichonileta huku. Nilitaka nimuone huyo mwanamke wako, halafu nikuage. Nimeshapata nyumba Sundbyberg."

Kule bondeni trekta lilipita na kreti za zabibu, wachumaji wakitaniana kwa Kiitaliano. Severin alingoja hadi mlio ukaisha.

"Mmeshalala pamoja?"

"Ndiyo."

Aliweka mikono kichwani, akabaki hivyo.

"Unampenda?"

"Ananiuliza nimekula nini, Seve. Akinikaribia, hasiti."

"Lakini sasa umejua! Tatizo halikuwa wewe. Sikuwa na mwanamke yeyote."

"Ungekuwa na mwanamke, ningejua cha kusamehe," Tereza alisema, machozi yakimtiririka. "Ulikuwa na maumivu, ukanifungia nje. Nikasimama hapo mlangoni miaka, mpaka mtu mwingine akanikaribisha kwake."

Simu ya Severin ikaanza kuita. Alikuwa Alma, kwa video. Wote wawili walijifuta nyuso, wakajibana kwenye kioo kimoja. Mtoto aliuliza kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kama huko ni kuzuri.

"Kuzuri sana, mwanangu," Severin alimjibu. "Mama amekula zabibu hadi basi."

Walirudi Stockholm kabla ya siku zao. Severin alikwenda mwenyewe kwa bosi wake, akasema kila kitu. Hawakumfukuza, ila walimtoa kwenye kuonja, wakamweka ofisi ya kupokea mizigo. Tereza naye aliahirisha kuhama. Alimwandikia Clement: "Nipe muda. Nina mume mgonjwa, sikujua." Clement akajibu: "Sawa. Sitakusumbua."

Walijaribu. Mungu shahidi, walijaribu. Majira yote ya baridi Severin alimweleza mkewe kila linalompita moyoni, na Tereza alisikiliza. Lakini simu ya Tereza ikiita tu, kijiko cha Severin kinasimama njiani.

"Nani huyo?"

"Kazini."

"Nionyeshe."

Anamwonyesha. Kweli ni kazini. Wanaendelea kula, chakula kikiwa kimeshapoa.

Na Severin akimshika, Tereza hukaza macho usoni pake akitafuta kama ni mapenzi au ni hofu. Hakuwahi kupata jibu. Jumapili moja ya Februari, wametoka kanisani, Alma yuko chumbani kwake, Tereza alikaa mezani bila kuvua koti.

"Seve, tumekuwa walinzi."

"Una maana gani?"

"Mimi nakulinda usiumie, wewe unanilinda nisiondoke. Humu ndani hakuna anayeishi."

"Nikikuomba kwa ajili ya Alma?"

"Kwa ajili ya Alma ndiyo nimekaa baridi yote hii."

Severin aliinamisha kichwa. Wiki iliyofuata, yeye mwenyewe ndiye aliyembebea maboksi hadi Sundbyberg, akafunga kitanda cha mtoto kwa bisibisi, akaonja kwa kiganja joto la radieta ya kupasha chumba kabla ya kuondoka. Alma akawa wa wiki kwa baba, wiki kwa mama, kama watoto wengi wa mji ule.

Mwaka uliofuata, Agosti, Tereza na Clement walifunga ndoa katika ukumbi wa manispaa wa Sundbyberg. Wiki hiyo Alma alikuwa kwa baba yake, kwa hiyo Severin ndiye aliyemvalisha gauni, akamsuka, akampeleka. Mtoto alikimbilia ndani. Tereza akatoka mlangoni, amependeza, macho mekundu.

"Ingia basi, Baba Alma. Hakuna mgeni humu."

"Nimemleta mtoto tu."

"Dakika chache."

"Nikiingia nitatakiwa kutoa pongezi, na pongezi zenyewe zitakuwa uongo. Nimechoka kukudanganya, Tere."

Tereza aliuma mdomo. Muziki ulishaanza kule ndani.

"Ungeniambia siku ile ya kwanza," alisema. "Siku ileile ulipoamka hunusi."

"Najua."

"Ningekunusia mimi. Mvinyo, chakula, kila kitu. Ningekunusia maisha yangu yote."

Alma alichungulia, akamhimiza mama yake kwa Kiswidi kwamba watu wote wanangoja. Tereza alijifuta uso kwa kiganja, akaushika mkono wa binti yake, wakaingia. Severin alisubiri hadi mlango ukajifunga, kisha akaelekea kituoni.