Simu ya Mkuu wa Nyumba

Siku ile mjinga alikuwa fundi Semkiwa mwenyewe, na hakuwa na wa kumgawia ujinga huo hata robo. Roboti wake hakuwa na kosa. Kinusi, mdudu wa chuma mwenye ukubwa wa panya, alikuwa akitambaa ukutani sebuleni kwa Bi Mwanakheri, akinusa nyaya zilizofukiwa ndani ya zege, na kila alipopita taa yake iliwaka kijani. Nyaya nzima. Modemu nzima. Lakini mtandao wa nyumba ulikuwa ukikatika kila alasiri, na Semkiwa alishakuja mara mbili, akabadilisha kila kinachobadilishika, akaondoka akijisifu.

"Fundi," alisema Mwanahawa, wifi yake Bi Mwanakheri, aliyekuja kukaa na mjane, "safari hii utabadilisha nini? Limebaki jengo."

"Nitaanza na ulimi wako. Huenda ndio unaoingilia mawimbi."

"Ulimi wangu nimekuja nao tangu msibani, na mtandao ulikuwa unapita."

Kicheko chembamba kilitoka nyuma ya pazia la chumbani. Bi Mwanakheri alikuwa anakaa eda. Jiji la Tanga lilikuwa limejengwa upya, maghorofa yake yakitoboa mawingu, na watu walikwenda mwezini wakarudi wakilalamikia chakula, lakini mjane alibaki mjane: ndani, haonekani na mwanamume wa kando. Fundi alimjua kwa sauti tu.

Sauti hiyo ndiyo iliyomkosesha Semkiwa raha, kwa sababu kila mara ilikuwa imefifia zaidi. Kifuani Bi Mwanakheri alikuwa na kichungamoyo, kidude kinachouamrisha moyo mgonjwa upige, nacho kilipokea amri zake kutoka hospitali kupitia mtandao wa nyumba. Mtandao ukikatika kidogo, moyo ulijikokota wenyewe. Ukikatika kwa muda mrefu, basi tena.

"Bi Mwanakheri, samahani, nauliza tena. Hakuna kifaa kipya mlichoongeza?"

Pazia likavutwa vizuri zaidi. "Hakuna, baba."

Mezani palikuwa na simu ya kizamani, nyeusi, ya kuzungusha namba. Safari zote mbili Semkiwa alikuwa ameegesha kikombe chake cha kahawa kando yake, akiichukulia kuwa pambo, kama zile cherehani na redio za mababu ambazo wenye nafasi walipenda kuziweka sebuleni.

Simu ikalia.

Taa ya modemu ikazimika. Feni ikasimama. Kinusi akabanduka ukutani, akaanguka chali. Nyuma ya pazia ikasikika pumzi ya mtu anayepanda ngazi, ilhali aliyekuwa akipumua alikuwa ameketi kitandani. Hapo ndipo fundi alipouona waya wa simu ukipita chini ya pazia, na akaelewa, kwa kuchelewa. Huko chumbani kulikuwa na kiungasimu, kile kidude kinachoipa simu ya zamani njia ya mtandao. Mtu alikuwa amekichomeka kati ya ukuta na modemu, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa ikinywa kwenye mrija wake. Simu ikilia, kilivisukuma vifaa vingine vyote pembeni ili sauti ipite peke yake.

Kiungasimu cha kawaida hakithubutu kufanya hivyo. Kila mtandao wa nyumba ulikuwa na mkuu, mtu ambaye neno lake lilifunga milango na kupanga kifaa kipi kitangulie. Hiki kilikuwa kikitumia jina la mkuu.

"Mkuu wa nyumba hii ni nani?" aliuliza.

"Bado ni kaka yangu," alisema Mwanahawa. "Marehemu Mbaruku. Tulisema vitu vyake visiguswe mpaka eda iishe. Nguo zake, kiti chake, na jina lake huko mtandaoni."

Mtu mwenye akili angeuliza zaidi. Semkiwa akainua mkonga wa simu.

"Haloo."

"Nani wewe?" Sauti ya mwanamume, tulivu, yenye ukwaruzo kidogo. "Mwanamume gani huyo anapokea simu nyumbani kwangu?"

Mlango wa mbele ukajifunga kufuli. Mwanahawa akakaa chini, pale pale alipokuwa.

"Ni kaka," alisema. "Fundi, jeneza lake lilitolewa kwenye mlango huo."

"Ni mashine," alisema Semkiwa. "Aliiachia sauti na maneno yake, nayo inayaunga."

"Aliiagiza mwenyewe," alisema Bi Mwanakheri nyuma ya pazia. "Alipojua haponi. Ikaletwa baada ya mazishi, nikaichomeka kwa mkono wangu. Hupiga saa aliyokuwa akitoka kazini, wifi akiwa sokoni. Huniuliza nimekula nini." Akatua, akatafuta hewa. "Niliona haya kusema, baba. Niko edani, na kila alasiri nazungumza na mume."

"Mama, inakuua. Ichomoe."

"Nikiichomoa, ndiyo nimemzika."

Semkiwa alikuwa bado ameshika mkonga, mlango umefungwa, na ile pumzi nyuma ya pazia ikizidi kuwa fupi. Kisha mkono ukajitokeza pembeni ya pazia, mkono usio na hina wala bangili, ukauchukua mkonga. Waya uliopita sakafuni ukakazika; mkono wake wa pili ulikuwa umeushika, tayari kuuchomoa.

"Fungua mlango," Bi Mwanakheri alisema kwenye simu. "Fundi atoke."

"Aniambie kwanza amefuata nini." Sauti ilisikika hadi sebuleni. "Mwanakheri, mwenye nyumba ni mimi. Mume wako ni mimi. Mlango unafunguka nikisema mimi."

Bi Mwanakheri alivuta pumzi. Ikaja nusu.

"Mume wangu ninamkalia eda," alisema. "Wewe ni nani?"