Saa ya Mshale Mmoja

"Kaka, achia, utakichana!"

"Achia wewe, dada. Nimekishika kwanza."

Duka la vitambaa lilifurika watu, na kipande cha mwisho cha mahameli nyekundu kilikuwa na wenyewe wawili: mshonaji mwenye gauni la kijani, na fundi saa mwenye shati jeupe lililonyooshwa hadi kola. Fundi akaachia, akicheka.

"Kichukue. Ila unishonee mfuko wa saa."

"Saa gani hiyo inayovaa mahameli?"

"Ya mfukoni, ya dhahabu. Nimeiunda kwa mtindo wa kale."

Simu zikafuata kila jioni.

"Mfuko umefika wapi?"

"Si uliuliza asubuhi?"

"Asubuhi niliulizia mfuko. Sasa namuulizia mshonaji."

Siku alipoachiwa saa aipimie mfuko, mshonaji alifungua kifuniko. Mshale ulikuwa mmoja tu! Akajua wa pili umeanguka mikononi mwake. Alipiga magoti chini ya cherehani, akapekua kila kitambaa, asiuone. Amwambie? Aibu ilimziba mdomo. Akaipeleka kwa fundi mwingine, wa kibandani, naye akabandika mshale mwingine kwa gundi. Akamrudishia mwenyewe ndani ya mfuko mpya, bila kumwambia.

Fundi saa aliifungua mbele ya mteja aliyeiagiza. Mteja alipouona mshale wa gundi, alicheka mpaka akatoa machozi. Fundi akatamani ardhi immeze.

"Mpenzi, nani kaigusa saa?" alifoka simuni.

"Mimi... Nilidhani nimeupoteza mshale."

"Saa za kale zilikuwa na mmoja tu, wa saa, bila wa dakika! Kwa nini hukuniuliza?"

Mshonaji akakata simu, akaizima. Tangu hapo alishona ameuelekea ukuta, hata wateja hakuweza kuwatazama usoni.

Mchana mmoja akasikia hodi.

"Nimeubandua ule mshale," fundi alisema mlangoni. "Mteja ameichukua saa yake."

"Nilikuaibisha," alijibu, bila kugeuka.

"Nami nina aibu yangu. Nilikupa kitu bila kukueleza, kisha nikakufokea. Nisamehe, laazizi. Ila siku nyingine ukikosea, niambie. Usinizimie simu."

Akamwekea kiganjani ule mshale mwembamba, ukiwa bado na tone la gundi.

"Wa nini tena huu?"

"Utunze. Mzee wako anapatikana lini nyumbani?"

Mshonaji akajifunika uso kwa kipande cha mahameli.

"Jumapili. Saa kumi."

"Kamili, au na dakika?"

"Si wewe wa mshale mmoja? Njoo tu."