Foronya ya Nakiete Inasema Kweli

Nakiete alikuwa kitandani, huko milimani Upareni. Nje kulikuwa na ukungu. Ndani kulikuwa na mablanketi mawili, paka mmoja na kikohozi.

"Kho, kho," Nakiete alikohoa. Kisha akatazama huku na huku, maana siku hizi hakumwamini mtu.

Ilianza hivi. Nakiete aliugua kifua, akapelekwa zahanati. Nesi Eliwaza alishika sindano, akasema, "Haiumi."

Iliuma. Iliuma hasa.

Nyumbani, Mama akampa ndizi. Alisema ni ndizi tu. Kumbe ndani yake kulikuwa na kidonge, kichungu kama shubiri. Nakiete alikitema mpaka ukutani.

Tangu siku hiyo, kila kitu alikikunjia uso. "Mmh," alisema. "Hapa pana jambo."

Mama alileta uji. Nakiete aliukoroga, akaunusa. "Mmh. Hapa pana jambo."

Ulikuwa uji.

Mama alileta makande. Nakiete alichambua punje za mahindi, moja moja. "Mmh. Hapa pana jambo."

Yalikuwa makande, na sasa yamepoa.

Paka alipanda kitandani. Nakiete alimfungua mdomo, akachungulia.

Alikuwa paka.

Lakini kulikuwa na jambo kubwa kweli. Sindano zilikuwa mbili, na ya pili ilikuwa Ijumaa. Bila hiyo, kikohozi kingerudi na nguvu zake zote. Nakiete alisema haendi. Mama alimbembeleza, Baba alimbembeleza. Haendi.

Jumatatu alikuja Bibi Namsifu, mama yake Baba. Alikuja na kikapu kilichofunikwa kanga. Nakiete alimwamkia, "Shikamoo, Bibi." Lakini macho yote yalikuwa kwenye kikapu.

"Mmh. Hapa pana jambo."

Bibi alitoa kitabu. Nakiete alikitikisa, pa, pa, pa, akitafuta kidonge. Hakikuanguka kidonge. Ndani alimkuta mbuzi aliyeogopa kuvuka mto.

Bibi alisoma ukurasa mmoja, Nakiete akasoma mmoja, polepole, kwa kidole. Bata walimwambia mbuzi kwamba mto hauna maji. Mbuzi akaingia, akalowa mpaka shingoni. Akarudi ukingoni, akakunja uso.

Nakiete alimpenda mbuzi yule kuliko watu wote. Alisahau kukohoa.

Kisha Bibi alitoa foronya nyeupe, uzi mwekundu na sindano. Nakiete akazama chini ya blanketi.

"Hiyo inauma?" aliuliza kutoka ndani.

Alingoja. Alijua Bibi atasema nini. Watu wazima wote husema hivyo hivyo.

"Ukijichoma kidole, inauma," Bibi alisema. "Inauma kidogo, halafu inaacha."

Blanketi lilisogea. Pua ikatokea kwanza, halafu jicho moja.

Basi Bibi akamfundisha kudarizi. Chomeka, vuta, swiii. Chomeka, vuta, swiii. Mara moja Nakiete alijichoma. Iliuma kidogo, halafu ikaacha. Alikitazama kidole chake kwa mshangao mkubwa.

Foronya zote za nyumba ile Bibi alizidarizi mwenyewe. Moja ilisema Usiku Mwema. Nyingine ilisema Lala Salama. Bibi alichukua penseli amchoree Nakiete herufi za kufuata. Akauliza kama aandike Lala Salama.

Nakiete aliutazama mto wake wa zamani. "Huu unasema Lala Salama," alisema. "Mimi sikulala. Nilikohoa tu."

Hata mto ulikuwa umemdanganya.

Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. Akampa penseli, aandike maneno anayoyaamini yeye. Nakiete aliandika. Halafu akaanza kushona.

Chomeka, vuta, swiii. Jumanne.

Chomeka, vuta, swiii. Jumatano. Herufi moja ilipinda, akaiacha.

Kila alipochoka, walisoma. Kila walipomaliza kusoma, alishona. Ukungu ulikuja, ukaondoka. Siku hazikuwa ndefu tena, na Nakiete alifurahi.

Alhamisi walifika mwisho wa kitabu. Ndege korongo alimwambia mbuzi, "Maji yatakufika tumboni, na ni ya baridi." Mbuzi akavuka. Maji yalimfika tumboni, na yalikuwa ya baridi.

Nakiete alifunga kitabu. Alifikiri sana.

Ijumaa alivaa sweta. Akaikumbatia foronya yake, akaenda zahanati na Mama.

Nesi Eliwaza aliandaa sindano. Alifungua kinywa aseme neno lake la siku zote. Nakiete akaikunjua foronya mbele yake.

Nesi alisoma herufi nyekundu: INAUMA KIDOGO.

Kisha akainama, akamtazama Nakiete machoni.

"Ni kweli," alisema. "Inauma kidogo. Ukihesabu tano, imekwisha."

Nakiete akaubana mkono wa Mama. Moja. Mbili. Tatu. Iliuma. Nne. Tano.

Ikaacha.

Jioni, Mama alileta sahani. Upande mmoja aliweka kidonge, upande mwingine ndizi. Alisema kidonge ni kichungu, na ndizi ni ya kufuta uchungu. Nakiete alimeza kidonge, glu. Kisha akala ndizi bila kuichunguza.

Bibi aliuvalisha mto foronya mpya. Nakiete akalaza kichwa juu yake. Paka alijikunja miguuni.

"Lala, mwanangu," Mama alisema. "Kesho utakuwa umepona kabisa."

Nakiete alifungua jicho moja. "Mmh."

Mama akatabasamu. "Kesho utakohoa kidogo," alisema. "Keshokutwa kidogo kuliko kesho."

Hilo Nakiete aliliamini. Akafumba macho yote mawili, akalala.