Harufu Haikuwa Yake

Siku walipokutana, foleni ya magari kwenye uwanja wa kuoshea ilikuwa imefika barabarani, hadi kwenye lango la stendi, na kila dereva alikuwa na haraka kuliko mwenzake. Mwanamke alikuwa mmoja tu kwenye foleni ile: dereva wa teksi, suruali ya jinzi iliyopauka magotini, kilemba cha buluu, na mdomo usiohitaji kuazimwa maneno. Alifungua boneti, akasema injini imejaa grisi na mafuta mpaka haitazamiki, ioshwe upesi, abiria wanamsubiri.

"Bado ina moto," akasema kijana aliyekuja na ndoo. "Ipoe kwanza."

"Kwani unaiogesha au unainywa?"

Waoshaji wengine wakacheka. Kijana yule walimwita Povu, maana kutwa alikuwa na povu mpaka kwenye nyusi. Hakucheka wala hakununa. Alimvutia kigoda akae. Injini ilipopoa kiasi cha kuwekewa kiganja bila kukiondoa, alifungua waya wa betri, akaivisha altaneta ya kuchaji betri na kisanduku cha fyuzi mifuko ya plastiki, akaziba mdomo wa hewa, ndipo akapaka sabuni ya kukata grisi na kuanza kusugua kwa brashi, kona kwa kona. Maji aliyamimina kwa kopo, taratibu. Mpira wa maji ya presha hakuugusa.

Jirani yake alikuwa akimwagia injini nyingine petroli. Grisi ikayeyuka, kazi ikaisha, mwenye gari akaondoka akipiga honi. Dereva wetu akataka kujua kwa nini yeye anachelewa hali mwenzake ameshaondoka.

"Mimi situmii petroli," Povu akasema. "Aliyenifundisha kazi aliitumia, cheche moja ya betri ikamla uso. Kwa hiyo nisikilize, dereva. Gari likitoka mikononi mwangu, halafu ukasikia harufu ya petroli, jua harufu hiyo si yangu. Zima injini, shuka, niite."

"Nikuite kwa namba gani?"

Hivyo ndivyo namba ilivyotoka. Wanaosema mapenzi huanza machoni hawajawahi kukaa kwenye kigoda wakamtazama mtu anayefanya kazi yake bila kudanganya.

Baada ya hapo simu zikawa hazikauki. Povu hakujua maneno matamu, na hata asali yenyewe angeieleza kwa bei ya kopo. Lakini kila adhuhuri alipiga, na kabla ya salamu aliuliza, "Umekula?" Dereva alimtania kwa kumuuliza kama akisema hajala atalishwa kwa simu. Siku moja akajibu kwa uvivu kuwa hajala, na nusu saa baadaye akamwona Povu anavuka barabara pale stendi, suruali imerowa hadi magotini, kashika mfuko wa chakula kama mtu aliyebeba mayai. Siku hiyo dereva alijua ameshapatikana.

Teksi ile aliiacha marehemu baba yao. Dereva aliiendesha asubuhi, na pacha wake, mwanamume mcheshi aliyependa mashati ya maua, aliipokea mchana. Povu alipokwenda nyumbani kwao kujitambulisha, kavaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa gumu, pacha alimwita shemeji kabla hajakaa. Mama yao alimwitikia shikamoo yake kwa sauti ya mtu aliyepata mtoto wa tatu. Mambo yakawa yanakwenda vizuri, na wapenzi wenyewe walianza kutafuta chumba cha kupanga.

Grisi nayo haikuacha tabia yake. Miezi ilipita, injini ikachafuka tena, na dereva akaipeleka uwanjani siku ambayo pacha aliihitaji mapema. Akamwambia Povu afanye haraka, akaenda sokoni. Aliporudi injini inang'aa, na kando ya gurudumu la mbele pamekaa kidumu cha petroli. Mkono wa shati la Povu ulinuka petroli. Dereva akaona, akanusa, akanyamaza. Alidhani mpenzi wake amevunja mwiko kwa ajili yake, ili asichelewe, na moyo wake ukafurahi. Alimpigapiga begani, akaondoka bila kuuliza.

Siku ya tatu alikuwa amekaa sebuleni anasuka nywele zake mwenyewe mbele ya kioo. Mama alikuwa jikoni. Simu ikaita, ni pacha wake, akasema gari linanuka petroli na anafikiria kulipaki.

Dereva akacheka. "Ni shemeji yako huyo. Aliharakisha, akaiogesha injini kwa petroli, halafu hataki kusema. Fungua vioo, itaisha yenyewe."

Pacha naye akacheka, akafungua vioo.

Moto ulianza kwenye makutano yenye taa, gari likiwa katikati ya foleni. Pacha aliwatoa abiria wake wawili, kisha akarudi kufungua boneti aumwagie maji. Moto uliokuwa ukikosa hewa ukaipata, ukamrukia. Hospitali ilimpokea akiwa anaongea, akiuliza kama abiria wapo salama. Hakumaliza wiki.

Povu alifika wodini siku ileile ya moto, kandambili zimerowa, anahema. Ukumbini walikuwepo mama, majirani na madereva wa stendi. Dereva alimtazama, na maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Aliliosha kwa petroli. Huyu hapa."

"Sikutumia," Povu akasema. "Nilikwambia situmii."

"Nilikiona kidumu."

"Cha pampu ya maji. Nilikuwa naijaza mafuta."

Dereva akampa mgongo. Madereva wakamsukuma Povu hadi nje ya lango. Polisi walimhoji, wakamlaza mahabusu, wakamwachia kwa kukosa ushahidi, lakini midomo ya watu haihitaji ushahidi. Mwenye uwanja hakumfukuza, ila alimkataza kugusa boneti ya mtu, akampa mazulia ya kusugua. Povu akaendelea kupiga simu kila adhuhuri. Simu ikaita bure wiki nzima, kisha dereva akaifungia namba ile.

Wakati wa kuuza mabaki ya gari kama chuma chakavu ulipofika, dereva alikwenda gereji kusimamia. Fundi, mtu mzima wa maneno machache, alimwita aje aone. Akamwonyesha mpira wa kupitishia petroli, nyuma ya injini, mahali jicho halifiki. Mbele ulikuwa majivu, lakini kipande kilichobanwa na klipu kilisalia, na kilikuwa na ufa wa siku nyingi, umeliwa na joto.

Dereva akauliza kama haikuwa petroli ya kuoshea.

"Ya kuoshea hukauka gari halijatoka hata uwanjani," fundi akasema. "Hii ilivuja ndani, kidogo kidogo. Lazima ilinuka. Aliyekuwa analiendesha hakusikia harufu?"

Dereva akasema hajui. Alitoka gereji bila kuuliza bei ya chuma chakavu. Muda wote ule alikuwa amefunika ile simu ya sebuleni kwa jina la Povu, kama mtu anayefunika shimo kwa mkeka, na sasa ametumbukia humo mwenyewe.

Alimkuta Povu chumbani kwake jioni, anakula peke yake. Alimweleza yote mlangoni, amesimama: ufa, klipu, maneno ya fundi. Povu alisikiliza mpaka mwisho, akasukuma sahani kando.

"Alikupigia? Alikwambia kuna harufu?"

Dereva akatikisa kichwa kukubali.

"Ukamwambia ni yangu."

Akakubali tena. Povu akajishika uso kwa mikono yote miwili.

"Ungeniamini tu," akasema. "Sikukuomba kitu kingine siku ile."

Hakuna tusi ambalo lingemuuma dereva kuliko hilo. Akasema atamwambia mama, atawaambia watu wote stendi. Povu akamkataza. Akasema mama amebaki na mtoto mmoja, amwache ampende. Yeye anaweza kuvumilia kuchukiwa na mtu asiyemwona kila siku.

"Na sisi?"

"Nitaingiaje nyumba ile, mpenzi? Nikae wapi, kwenye kiti cha nani?"

Dereva aliondoka akiwa amekubali, na kwa kweli alipata nafuu kwa hatua chache, nafuu ya mwizi aliyekuta polisi amegeukia upande mwingine. Kisha akaionea aibu, akaenda moja kwa moja nyumbani.

Alimkuta mama amekaa kitandani kwa pacha, anakunja mashati ya maua. Akaketi sakafuni, akashika miguu ya mama, akasema yote bila kujitetea. Mama hakuacha kukunja.

"Nilikuwa jikoni, mwanangu," akasema hatimaye. "Nilikusikia. Nilikusikia mpaka ulivyocheka."

Dereva akainua uso.

"Nikamwacha mtoto wa watu abebe. Nilisema moyoni, nikilitaja hili huyu naye atanifia kwa majuto, nibaki na mashati. Kila nikisali lilinisimama hapa." Akagusa kifua. "Kesho utanipeleka kwake."

Walifika uwanjani foleni ikiwa ndefu kama kawaida, mama katika gauni jeusi na viatu vya shughuli, dereva nyuma yake. Povu alikuwa amepiga magoti anasugua mazulia. Alipowaona aliinuka, akafuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. "Usiniamkie kwanza. Nisikilize, halafu uone kama nastahili."

Akawageukia waoshaji na madereva, na akapaza sauti mpaka mmoja akazima pampu. Akasema gari lake lilivuja mpira, na fundi yupo wa kuulizwa. Akasema mwanawe aliinusa harufu, akapiga simu nyumbani, na nyumbani wakamjibu vibaya. Hakusema nani alijibu. Dereva akasogea mbele akasema ni yeye. Mama akasema, "Basi na mimi nilisikia nikanyamaza, na kijana huyu mmemtukana bure, na wa kwanza kumkosea ni mimi."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye boneti ya mtu.

Povu aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," akasema tena.

"Marahaba," mama akajibu. "Marahaba, baba."

Kisha Povu akamtazama dereva. Alikuwa amekonda, kilemba kimekaa upande, macho hayana ule ubishi wa zamani. Alimtazama kama mtu anayepima kama injini imepoa.

"Umekula?"

"Bado," dereva akasema.

Povu akamvutia kigoda akae amsubiri, kwa kuwa mazulia yalikuwa bado hayajaisha.